Silinda Moja

Kageha aliileta kwa mkokoteni, vijana wawili wakisukuma,
mpaka kibandani kwangu, kwenye mteremko wa Chavakali:
pikipiki ya marehemu baba yake, BSA ya hamsini na saba,
tangi limepauka, kuku wametagia kitini,
na silinda moja, nene kama kinu.

"Itoe injini," akasema, "weka ya boda.
Nafundisha Sabatia. Nataka kwenda na kurudi,
si kupiga teke mpaka goti livimbe,
si kungoja ringi kutoka Uingereza kama mwali angojaye posa."

Sikubisha. Fundi hali ubishi.

Siku nne nikapima bamba la milimita nane,
nikatoboa matundu manne, mawili nikayakosa,
nikakata bamba jingine.
Injini ya boda ilikaa ndani ya fremu ile
kama mtoto ndani ya koti la babu,
nafasi huku, nafasi kule.
Bomba la maji nikalikata vipande, yakawa spesa.
Cheni ikakataa kunyooka, ikaguguna meno ya sproketi,
mpaka nikaisogeza injini kushoto
kwa unene wa sarafu ya shilingi ishirini.
Kisia, kijana wangu, alishika tochi akiuliza
mbona twauhangaikia mfupa.

Ikawaka kwa kidole. Kitufe tu.
Sauti nyembamba, ya haraka,
sauti ya vijana wote wa steji.
Kageha akacheka, akalipa nusu
(nusu nyingine naidai hadi leo),
akaivusha bonde hadi kwao.
Nasikia mamake hakuinuka kitini.

Nilimjua mwenye pikipiki. Adagala wa chanjo,
sanduku la barafu nyuma, sindano za ng'ombe mfukoni.
Tulimjua kwa masikio kabla ya macho:
tuku, tuku, tuku,
kila pigo likitafakari kabla ya kumwita mwenzake.
Ndama walijificha.
Na ng'ambo ya bonde Damari, mkewe,
aliteleka maji ya ugali.
Toka darajani hadi mlangoni pake
maji yamechemka, unga umeingia, mwiko unazunguka.
Nyumba ile haikuwahi kuwa na saa.

Jumapili moja, siku isiyo na wateja,
nikaifungua injini kuukuu. Si kwa kazi.
Ringi ya juu imevunjika mahali pawili,
valvu imeungua ukingoni kama chapati iliyosahauliwa,
na pistoni ina kovu refu ubavuni.
Nikaokota ringi ya pampu ya maji, nikaipiga tupa.
Valvu nikaisaga kwa viganja, huku na huku,
vile wazee walivyopekecha moto.
Kisha nikaifunga juu ya benchi, bolti sita,
pamoja na sanduku lake la gia na ile cheni fupi kati yao,
maana hizi za kale hupigwa teke kupitia gia.
Hakuna fremu, hakuna gurudumu, hakuna pa kwenda.

Teke la kumi: harufu ya petroli.
La kumi na moja likanirudi, goti likalia.
La kumi na mbili,

tuku.

        tuku.

Benchi ikatembea. Spana zikaanguka ukutani moja moja.
Ilikuwa saa kumi na mbili na robo, jua linazama,
upepo ukishuka bondeni.
Dakika tano, nikaizima. Petroli ni ghali.

Asubuhi Damari akaja kwa miguu,
kitambaa cheupe cha kanisani kichwani.
Injini hakuitazama.
Aliuliza bei ya kuziba sufuria, nikamtajia,
akasema ni nyingi.
Alipofika mlangoni akasimama.
"Jana nilipika ugali wa wawili."

"Nilikuwa najaribu kabureta, mama."

Akaifunga sufuria vizuri ndani ya leso.
"Utaijaribu tena lini?"