Gunia la Kibuye

Jumapili Ogweno alirudi kutoka Kibuye
na gunia begani, akicheka peke yake.
Akalimwaga sakafuni:
usukani usio na gari,
gitaa la plastiki lenye vifungo vitano shingoni,
mkeka wa kukanyaga, ngoma mbili za mpira,
na fimbo nyeupe, fupi, kama mwiko uliokatwa.
"Padi za kawaida zimepitwa," akasema.
"Huu ndio ubunifu."
Mimi mweka hesabu, nikaaye juu ya kreti ya soda
nikikusanya shilingi kumi kumi za watoto wa Manyatta,
niligawa ukurasa wa daftari kwa kalamu nyekundu:
huku Ubunifu, kule Mbwembwe.
Nikasubiri.

Wiki ya kwanza foleni ilifika kwa muuza makaa.
Watoto walirukaruka mkekani hadi jirani, fundi cherehani,
akagonga mabati kwa mkasi.
Wiki ya tatu mkeka ulikuwa wa kulalia paka.
Walirudi wote kwenye padi yetu kuukuu,
ile iliyozungushiwa utepe wa gundi,
yenye kifungo kilichofutika alama.
Walisema anayetaka kushinda hachezi na vinyago.
Nikaandika Mbwembwe mara nne.

Kisha akaja Obuya, babake Apondi,
aliyepiga benga Ahero
enzi redio zikila betri sita.
Akalipakata gitaa, akapapasa shingo,
akaligeuza, akalitikisa, akachungulia ndani.
"Nyuzi ziko wapi?"
Tukamwonyesha rangi zinazoshuka kwenye skrini.
Akajaribu. Kidole chake, kilichozoea kuutangulia mdundo
kama mbwa anavyomtangulia bwanake njia ya nyumbani,
kikaadhibiwa. Kosa. Kosa. Kosa.
Mashine ikamzomea kwa sauti ya umati wa Ulaya.
Akalirudisha taratibu, kama anayerudisha mtoto wa watu.
"Hili halipigwi," akasema. "Hili linatiiwa."
Nikaandika Mbwembwe. Nikapiga mstari chini yake.

Lakini Alhamisi Dorsila, nyanyake Sijenyi,
alikuja kumtoa mjukuu kwa sikio.
Kwenye skrini mpira mdogo wa manjano ulingoja kupigwa.
Sijui nani alimpa ile fimbo.
Hakuuliza kifungo. Alitanua miguu,
akainua mkono kama ainuavyo jembe Seme, mwezi wa tatu,
akashusha.
Mpira ukapaa. Umati ule ule wa Ulaya ukasimama.
Sijenyi akasahau sikio lake.

Akawa anakuja kila Alhamisi baada ya chama,
leso kiunoni, shilingi kumi ndani ya kitambaa chenye fundo.
Alimshinda Ogweno. Alimshinda mwanafunzi wa Maseno
aliyekuwa ametufafanulia, kwa kirefu,
kwamba vitu hivi ni hila za wauzaji.
Na alisema kweli, yule mwanafunzi. Hata boksi la fimbo
lilikuwa limejaa picha za watu wanaocheka mno,
familia nzima, meno matupu.
Ila nililifuta neno moja daftarini,
kwa mate na kidole,
karatasi ikatoboka.

Februari kodi ya kibanda ikapanda.
Ogweno akamuuzia fimbo mtu wa Oyugis,
akanunua diski mpya ya kandanda.
Sikumlaumu. Kandanda ndiyo inayolipa.

Alhamisi akaja. Akafungua fundo, akaweka kumi mezani,
akaulizia fimbo yake.
Sikuwa na kingine, nikampa padi.
Akaishika kwa mikono miwili, vidole gumba vikielea hewani,
akavihesabu vifungo kwa Kijaluo, polepole,
hadi kumi na viwili.
"Na kipi," akaniuliza,
"ndicho cha kuinua mkono?"