Jino kwa Jino

Kibao hakina lafudhi wala kigugumizi:
INGIENI KWA ZAMU.
Mbele kidogo njia mbili zinakuwa moja.
Minneapolis nyuma, Saint Paul mbele,
na theluji ya Februari imegeuka uji mweusi wa chumvi
unaorukia kioo changu kila lori linapopita.

Mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa.
Miaka kumi na minne, Barabara ya Kumi na Mbili, Tanga,
nimetia zipu sketi za shule, magauni ya maharusi,
suruali za wanaume waliokataa kukiri wamenenepa.
Basi niliposikia kwamba huku kuingia foleni
wanakuita kufunga zipu,
nilicheka. Nikasema, hili nalijua.
Jino la kushoto, jino la kulia,
jino la kushoto, jino la kulia,
na nguo inafunga bila kelele.

Zipu gani hii?
Taa yangu ya pembeni inawaka tangu darajani,
ti, ti, ti, ti, kama kuku anayedonoa debe tupu,
na mwenye Subaru ya kijivu anatazama mbele
kama anapigwa picha ya pasipoti.
Nikiongeza mwendo, anaongeza.
Nikipunguza, anapunguza. Mungu wangu,
tumekuwa wachumba.
Nyuma yake mmoja ananyoa ndevu.
Nyuma ya huyo, pua imegusa mkia wa mwenzake,
wamegandana kama maandazi ya jana.

Na ni watu hawa hawa!
Juzi, dukani, mmoja alinishikia mlango
nikiwa bado hatua ishirini nje,
ikabidi nikimbie juu ya barafu
nisije nikamchosha kwa hisani yake.
Wanaomba radhi wakikohoa.
Ukiwakanyaga wewe, wanaomba radhi wao.
Lakini mpe mmoja usukani, mpandishie vioo,
na ile nafasi iliyo mbele yake
inakuwa shamba la urithi.

Mkono wangu uko juu ya honi.
Hodan, tunayekwenda naye zamu ya usiku,
ananidaka kiganja: "Dada, usithubutu.
Huku honi ni tusi la mama."
Kwetu honi ni salamu, ni nipo,
ni samahani shangazi, napita kulia kwako.
Huku nabisha hodi kwa taa
na wenye nyumba wanajifanya wamelala.

Koni zinakaribia. Njia yangu inakwisha.
Umebaki urefu wa magari mawili, moja, kiatu,
ndipo lori la maziwa
likakohoa, likapunguza mwendo, likaacha upenyo.
Dereva akanyanyua kidole kutoka kwenye usukani.
Kidole kimoja tu.
Ningemshonea shati.

Nimeingia. Mabega yanarudi mahali pake.
Na pale magari ya Snelling yanapojiunga nasi,
gari la fundi bomba, mabomba juu ya paa,
taa inapepesa, kijana ndani yake
ana macho ya mtu anayechelewa kazini mara ya tatu.
Na mguu wangu, jamani,
mguu wangu uliolelewa vizuri,
ukakanyaga mafuta.

Jino kwa jino, nilijiambia,
nisijue nasema ipi.
Hodan hakutamka kitu.
Alifungua mkoba wake, akaufunga.

Saa nne usiku, chumba cha sita.
Bwana Lindqvist, miaka tisini na moja,
anahangaika na zipu ya sweta,
vidole vinatetemeka, pini inakosa tundu.
Napiga magoti. Ngoja, namwambia.
Upande huu utulie,
ndipo ule uweze kuingia.

Ananiuliza barabara ilikuwaje.
"Mbaya," nasema. "Watu hawana adabu."
Zipu inapanda mpaka kidevuni.
Haitoi sauti.