Ukuta wa Kachana

Shangazi Adua amenipa udongo, hakunipa pole.
"Anza pale chini," kasema, "panapoliwa na mvua."
Ni mwezi wa tatu, Tiebele imekauka hadi kwenye kope,
na kesho kutwa wanawake wote wa ua watakuja
na mabakuli yao, na vikohozi vyao, na umbea wao.
Leo ni sisi wawili tu, na ukuta wako, Bibi.

Nilipanda basi la usiku kutoka Wagadugu
na kopo la rangi ya dukani mapajani,
nyekundu, lita nne, mfuniko umegongwa kwa nyundo.
Nilidhani nakuletea heshima.
Shangazi alilitazama kama mgeni
aliyekuja msibani anapiga mluzi.
Sasa liko mlangoni pa zizi, kuku amelikalia.

Siku ya matanga yako walikivunja kibuyu chako.
Mlio wake niliusikia kwenye simu,
mkavu, mfupi, kama ukuni mmoja.
Nilikuwa kazini.
Nikaomba ruhusa ya kwenda msalani.

Hakuna aliyeniambia kwamba kukuenzi
ni kukufunika.
Michoro yako ya mwisho ingali hapa:
wavu wa vibuyu, mabawa ya mwewe,
na ule mstari uliokwenda upogo
mwaka mkono wako ulipoanza kutetemeka,
ukasema basi huyu ni mjusi, ukamtilia jicho.
Samadi na udongo, kiganja juu ya kiganja,
ninamzika mjusi wako.
Mkia. Mgongo.
Jicho nimeliacha mwisho.
Kisha nalo.

Ukuta umepakwa wekundu, unasubiri kung'arishwa.
Jiwe lako la kusugulia lina kishimo cha dole gumba,
miaka hamsini ya dole gumba moja.
Langu linapwaya humo.
Nasugua hata hivyo, hadi bega liseme,
hadi ukuta uanze kurudisha mwanga kidogo,
kwa ubahili, kama ulivyokuwa ukisifu.

Halafu weusi, kwa unyoya wa kanga.
Mstari wangu wa kwanza umelewa.
Nilipokuwa na miaka tisa ungekwisha kuufuta,
kiganja kimoja, shaa!, bila neno,
ukaniacha na ukuta mtupu na hasira
iliyodumu mpaka uji wa mtama.

Nimesimama, unyoya hewani, nasubiri.
Shangazi anachemsha maganda ya nere
ya kuzuia mvua isitule kazi,
amenipa mgongo kusudi, nafahamu.
Moshi unapita kati yetu.
Hakuna kiganja.

Nimeufuta mwenyewe.
Weusi umeniingia kwenye mistari ya mkono,
na kwa mara ya kwanza naiona imenyooka,
yote, hata ile mifupi.

Kuku ameruka kutoka kwenye kopo.
Unyoya, tena.