Kielelezo cha Kumi na Nne

Wakili wangu, Bi Desrosiers, ana kalamu ya bluu
na hana muda wa machozi.
"Mahakama haipimi mapenzi, Bwana Halvari.
Inapima nani huamka."
Akanipa orodha. Nikaikunja mfukoni
pamoja na glavu moja ya Aila; ya pili ilizama
katika theluji ya Thunder Bay tangu Novemba.

Husemwa kuzaa si kazi, kazi kulea.
Hakuna aliyeitaja kazi ya tatu:
kuthibitisha, kwa nakala tatu.

Basi nakusanya.
Risiti za dawa ya kifua, za daktari wa meno.
Barua ya mwalimu: baba ndiye huja, hata kwa dhoruba,
mara nyingine na unga wa mkate kwenye nyusi.
Kadi ya chanjo, kona yake imetafunwa
na mwenye kadi, siku alizokuwa akiota meno.

Lakini risiti ya usiku ule wa Februari naipata wapi,
kikohozi kikibweka kifuani mwake,
tumeketi bafuni, bomba la moto limefunguliwa,
mvuke umefika dari, nami namhesabia pumzi
kwa Kifini kibovu nilichoachiwa na bibi,
kwa kuwa namba zake ni ndefu
na mapafu hupata nafasi?
Shahidi ni taulo.

Bi Desrosiers anataka na shajara, saa kwa saa.
Kila usiku naandika.
Saa moja asubuhi: uji wa shayiri, amekataa zabibu.
Saa kumi: nimemchana nywele, amelia, nimesamehewa.
"Baba, njoo uone!"
"Ngoja kidogo," namjibu, "namalizia kuandika
jinsi ninavyokuangalia."
Nilipofika, alishalala.
Mnara wa vijiti umesimama sakafuni, mrefu, bila wa kuusifu.
Hilo sikuliandika.

Jana, nyuma ya kalenda ya friji,
nikakuta karatasi. Mwandiko wa Leonie,
unaoinama kama mtu anayevua viatu:
vipimo vya dawa, simu ya kliniki,
na chini, kwa penseli,
akikohoa usiku, bafuni, maji moto. Usimlaze. Mhesabie.

Kumbe ni yeye.
Nilikuwa nimeusahau mkono ulionifundisha.
Aliandika haya asubuhi ya kupanda meli ya nafaka,
mpishi wa mabaharia, miezi tisa ziwani,
ili nisije nikapapasa gizani peke yangu.

Nikaikalia karatasi ile kama aliyekalia mwiba.
Jiko lilikuwa linawaka. Hakuna ambaye angejua.

Asubuhi hii, katika korido ya mahakama,
nikaiweka juu ya faili.
"Hii ni ya upande gani?" wakili akauliza.
"Ya Aila."
Akanitazama kama mtu anayetazama bomba linalovuja,
kisha akaandika kwa bluu, pembeni: kumi na nne.

"Watakuuliza vitu vidogo," akasema. "Kiatu chake namba ngapi?"
"Kumi na mbili."
Nikakumbuka Jumatatu, alivyochechemea hadi kwenye basi
bila kulalamika.
"Hapana. Kumi na tatu. Andika kumi na tatu,
na kwa penseli."