Mlango ni Mmoja

Siku ya tatu tangu nirudi, benki ya Barabara ya Boma,
nimelizunguka jengo mara mbili
nikitafuta mlango wa pili.
Mlinzi ananitazama, rungu kwapani:
"Mama, umepoteza nini?"
Nilitaka kumweleza. Nikasema, "Kalamu."

Moshi mlango ni mmoja.
Tunaingia wote, mwenye suti na mwenye ndoo,
na mzee anayenipumulia kisogoni kwenye foleni,
tumbaku ya kunusa na mbege ya jana.
Hana ubaya. Foleni ni ndefu tu.
Ila bega langu limesomea kwingine,
linasogea lenyewe.

Miaka minne Riyadh, maabara ya hospitali.
Mwaka wa kwanza nilimwandikia dada yangu Aikande:
huku tunatengwa kama ndama saa ya kukamua.
Mlango wa ubavuni wa mgahawa,
pazia zito, rangi ya maini,
na nyuma ya pazia chai ile ile, bei ile ile.
Nilimuuliza Ikhlas, Msudani wa meza ya jirani,
unavumiliaje?
Akamenya chungwa. Akanipa nusu.
"Ngoja Alhamisi."

Alhamisi: ghorofa ya juu ya duka kubwa,
lifti isiyobeba ndevu.
Mlango ukajifunga nyuma yetu
na mabaibui yakavuliwa kama maganda makavu ya mgomba;
ndani yake jezi za mpira, soksi zisizofanana,
bibi mwenye hina mpaka kwenye viwiko
anacheka hadi meno ya bandia yanataka kutoka,
mmoja ananyonyesha katikati ya njia,
mmoja anagombania bei ya manukato
kwa sauti ambayo kwetu tunawaachia wanadi wa mitumba.

Hapo ndipo nilipoligundua tumbo langu.
Nilikuwa nimelibana tangu darasa la sita,
tangu kijiwe cha Majengo kiliponipigia mluzi
na kunibatiza jina nisilolitaja hapa.
Nikaliachia.
Likashuka, likakaa.

Sisemi ilikuwa pepo.
Usiku Marisel alipopandwa na homa,
mlinzi wa hosteli alikalia funguo
mpaka mwanamume fulani, ofisi fulani, apokee simu.
Alipokea saa tisa.
Nikianza kuisifu ile chai, naomba unikumbushe saa tisa.

"Kwa hiyo walikufungia?" Aikande anauliza, anasuuza sufuria.
Ndiyo, nasema. Halafu nasema, hapana.
"Basi umerudi wakili."

Jumamosi akanipeleka kusuka, saluni ya Anasia,
Njoro, nyuma ya duka la pembejeo.
Mlangoni kitenge kimetundikwa kwa misumari miwili.
Viatu vimetupwa, sidiria zimelegezwa,
mwenye rasta nusu kichwa anasimulia mkwe wake
kwa maneno ambayo kanisani hayana kiti.
Nikacheka mpaka Anasia akanishika sikio: tulia, nitakuchoma.

Kitenge kikatikisika.
Mume wa Anasia, kichwa tu, anataka ufunguo wa pikipiki.
Hakufanya kosa. Hata shikamoo alitoa.
Lakini khanga zilipanda, magoti yakakutana,
hadithi ya mkwe ikawa hadithi ya mvua.
Akachukua ufunguo, akaenda.
Pikipiki ikakohoa, ikawaka, ikafifia kuelekea Pasua.

Na mimi, kichwa kimeinama,
nikasikia matumbo manane yakishuka.

Hakuna kibao pale. Hakuna aliyeandika.
Nilipita hapo ujana wangu wote
nikidhani naenda kusuka nywele.

Jumatatu, benki. Mlango ule ule.
Mzee yule, au pacha wake, na pumzi yake.
Niligeuka. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyoipima:
"Baba, naomba urudi nyuma hatua moja."
Foleni nzima ikatazama viatu vyake.
Akarudi nusu.

Nikitoka, mlinzi:
"Mama, ile kalamu uliipata?"
Bado, nikamwambia. Bado natafuta.