Tundu Namba Saba

Kilima cha Nandembele hakina urefu wa kujivunia.
Ukitoka Nachingwea kwa bodaboda unakipita
ukidhani ni kichuguu.
Lakini kina mshipa,
na mshipa una jina katika majalada manne.

Namwembe alinipokea na ufunguo uliofungwa kitambaa.
Baba yake alikabidhiwa banda hili enzi za mradi wa karanga.
Wazungu wakaondoka, reli ikang'olewa pau kwa pau,
mshahara ukakoma.
Hakuna aliyekuja kumwambia aache.
Basi hakuacha, na mwanawe akarithi.

Mchwa walikula masanduku, hawakula mwamba.
Vipande vya mviringo, unene wa mchi,
amevilaza sakafuni kwa mpangilio wa kina chake,
na kila mita ameiwekea korosho moja.
"Mwaka wa njaa tulizila," akasema,
"ila nilizihesabu kwanza."

Nikamwagia maji, maana jiwe kavu halisemi.
Mita ya kumi: naisi, milia ya kijivu na waridi.
Mita ya ishirini: naisi.
Mita ya thelathini na moja, kwatzi nyeupe kama kiporo cha wali,
na ndani yake galena,
vijisanduku vyenye pembe kali, vinavyong'aa,
vizito kuliko kiganja kilivyotarajia.
Ubavuni, shaba yenye rangi ya shingo ya njiwa.
Kule juu, ilikofikiwa na mvua,
shaba hiyohiyo imeoza ikawa kijani.

Nikamweleza kama nilivyofundishwa:
ardhi ilipasuka, maji ya moto yakapanda kwenye ufa,
yamebeba risasi iliyoyeyuka kama chumvi ndani ya mchuzi,
yakapoa,
yakautua mzigo njiani.

Alikaa kimya muda wa kumenya korosho.
"Babu wa baba yangu alinyunyiziwa maji
akaambiwa risasi zitageuka maji.
Amelala ng'ambo ya Mbwemkuru.
Kumbe yalianza maji,
yakageuka risasi."

Fomu yangu haikuwa na safu ya kuandika hilo.

Mjerumani alichimba handaki la hatua kumi na nne,
vita ikamkuta katikati ya hesabu.
Mwingereza alitoboa matundu manane, akaandika: unaahidi.
Mbulgaria mmoja mpole, miaka ya sabini,
alikunywa uji kwa kina Namwembe msimu mzima,
akaandika: unakatika.
Juzijuzi ikaja ndege ndogo inayoburuta sumaku juu ya mikorosho,
kuku wakajificha, na ripoti haikurudi.
Wote waliukuta ni huohuo:
unene wa dhiraa moja, kisha wa kidole,
kisha mstari ambao penseli ingeuchora vizuri zaidi.

Na kabla yao, bila jalada,
bibi yake, Achipwile, aliokota vile vinavyong'aa kijitoni,
akavisaga, akajipaka wanja.
Alisifiwa macho hadi Ruangwa.
Alizeeka mapema, mikono ikitetemeka,
kikombe kikigonga meno.
"Tulidhani amerogwa," akasema Namwembe.
Nami, mwenye shahada, niliangalia vidole vyangu vyenye vumbi la kijivu
nikaomba sabuni.

Jioni niliandika kwa taa ya simu.
Mshipa mwembamba. Haulipi. Umekwi...
Nikalifuta lile la mwisho.
Nikaandika: haujafuatwa upande wa kusini.
Si uongo. Kusini kuna shamba la mihogo
na hakuna aliyewahi kuomba ruhusa ya mwenyewe.

"Niendelee kulinda?" aliniuliza asubuhi,
kama mtu anayeuliza bei ya chumvi.
Nilitafuta jibu la kampuni, sikulipata.
Nilitafuta langu.

Hakusubiri. Aliirudisha korosho ya thelathini na moja
niliyoisogeza kwa goti,
akatoka, akafunga mlango, akaujaribu mara mbili,
akaufunga ufunguo kitambaani.
Ukuta wa nyuma wa banda lile
ulianguka mwaka wa Elinino.