Daftari la Mawe

Pale Russia, daktari alisema: aseme namba,
sifuri hadi kumi, inauma kiasi gani.
Amondi akaangalia dari.
Namba ni za hesabu, akasema.
Yeye ana mawe.

Mchanga: anaweza kwenda shule.
Kokoto: anakwenda, lakini asitumwe.
Figa: anabaki kitandani, anataka chumvi ya moto
iliyofungwa kwenye kipande cha leso, iwekwe gotini, pajani,
popote mfupa unapopiga kelele.
Na Kit Mikayi, jiwe la kwao mama yake kule Seme,
jiwe juu ya jiwe juu ya jiwe:
hilo halisemwi. Tunaliona jichoni,
tunambeba, tunakimbia.

Usiku nalinda ghala la sukari. Asubuhi naandika:
Jumanne, kokoto.
Jumatano, kokoto, mvua ilinyesha.
Alhamisi, figa. Maji vikombe saba. Mama hakulala.

Nyalenda nayo ina daftari lake.
Wanasema ni chira, baba aliruka mwiko.
Mwalimu anasema ni ujanja:
jana aliruka kamba, leo hawezi kushika kalamu?
Ndiyo, mwalimu. Jana vile, leo hivi.
Seli zake zimepinda kama mundu,
na mundu hausomi ratiba.

Saa nane usiku mama yake humwigiza shangazi Rispa
akiombea chakula mpaka kipoe,
mtoto acheke, machozi yakishuka,
aseme, mama nyamaza, kucheka kunauma.
Kisha mama hutoka nje
akasugue sufuria iliyo safi.

Mwezi Mei nilikaa na kurasa zangu nikazihesabu.
Tarehe za mwanzo: figa, figa, kokoto, figa.
Katikati: kokoto.
Kuanzia ishirini, mshahara umebaki wa mkate:
mchanga. Mchanga. Mchanga.
Aprili vivyo hivyo. Machi vivyo hivyo.
Nikashangaa, ugonjwa gani huu
unaojua kalenda ya tajiri wangu?

Halafu nikaweka kalamu chini.
Mtoto wa miaka tisa
hakuwa akipima mfupa wake.
Alikuwa akipima mfuko wangu.

Sikumgombeza. Tarehe ishirini na sita
nilirudi na tope viatuni, nikakaa ukingoni mwa kitanda.
Leo je?
Mchanga, baba.
Mimi leo ni figa, nikamwambia.
Mgongo. Tangu Februari.
Sijamwambia mtu.

Alinitazama kama anayesoma mita ya maji.
Akalitoa lile fundo la chumvi chini ya goti lake,
lilikuwa bado na moto,
akaniwekea mgongoni.

Basi andika mafiga mawili, akasema.
Nje, sufuria ilikuwa inasuguliwa.
Akasikiliza.
Hapana, baba. Matatu.